Kioo cha Ukungu Si Kioo Chenye Moshi

"Mwanangu, hili bafu linaungua?" Ndivyo alivyoniuliza mzee mmoja hapa Malindi nilipomfungulia kwenye laptopu picha ya nyumba yake. Nyumba yenyewe ilikuwa bado msingi na kokoto. Picha ndiyo ya kumwonyesha itakavyokuwa. Na mimi nilikuwa najivunia ule mlango wa bafu wa kioo cha ukungu! Nilikuwa nimefanya wanachofanya wengi: kukipaka kioo weupe, kisha kukifanya kipitishe mwanga nusu. Kikatoka kama moshi wa kuni mbichi.

Tangu siku hiyo nasema bila kuficha: weupe ndio unaotuharibia kazi. Kioo cha ukungu hakina rangi nyeupe. Ni kile kile cha dirishani, ila uso wake umepigwa mchanga kwa kasi, au umelika kwa asidi, ukabaki na vishimo visivyoonekana kwa macho. Kila kishimo kinapinda mwanga upande wake.

Usiponiamini, shuka pwani maji yakitoka. Tafuta kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga miaka na miaka. Kikiwa kimelowa, kijani chake kinang'aa kama kimevunjika jana. Kishike kiganjani kikauke: ukungu unaanzia pembeni, unakifunika chote. Kitie maji tena, unaondoka. Maji yamejaza vile vishimo, basi. Rangi ingeondoka kwa maji?

Kwa hiyo kwenye Blender, programu ninayochorea picha hizi, siku hizi weupe siugusi. Naacha mwanga upite wote, kipimo cha kupinda mwanga nakiweka karibu na 1.5 kama kioo halisi, halafu naongeza rafunesi, yaani mkwaruzo wa uso. Hesabu zake si za kubahatisha. Mwaka 2007 mtafiti wa picha za kompyuta Bruce Walter na wenzake walichapisha hesabu za mwanga unaopita kwenye uso uliokwaruzika, wakazilinganisha na vipimo vya kioo kilichosagwa kweli. Ndizo zinazoitwa GGX. Mkwaruzo nautia upande mmoja tu, na kioo nakipa unene, tuseme milimita 6. Bapa lisilo na unene linapinda mwanga ovyo.

Lakini utamu uko kwenye umbali. Gusa mlango wa namna hii kwa kiganja, mtu wa upande wa pili atakuhesabia vidole. Rudi nyuma hatua moja, unakuwa doa. Anayefifisha picha kwa mkupuo mmoja anafifisha vyote sawasawa, cha karibu na cha mbali, na jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini. Ndiyo maana siku hizi lazima niweke kitu nyuma ya kioo, tena kinachokigusa.

Gharama yake ni chembechembe, yaani vidoadoa kwenye picha. Miale ikitawanyika, picha inataka sampuli nyingi, yaani kompyuta ifuate miale mingi kwa kila nukta, feni ya laptopu inalia usiku kucha, na umeme ukikatika unaanza upya. Programu ya kuondoa chembe ipo, ila ukiiharakisha kioo kinageuka nailoni.

Nilirudi kwa mzee na picha mpya. Nyuma ya mlango nilikuwa nimetundika kanga nyekundu: pale ilipoegemea kioo unaona mpaka maua ya pindo, na chini ilipoachana nacho wekundu umeyeyuka. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Sasa hili ni bafu," akasema. "Na hiyo kanga ni ya nani?"