Vernon: Jiji lililochagua viwanda badala ya wakazi

Ukitoka katikati ya Los Angeles ukashuka kusini kilomita nane hivi, nyumba hukatika ghafla. Zinafuata ghala, reli, matangi, na malori yanayosubiri zamu ya kushusha mzigo. Hapo umeingia Vernon, jiji kamili kisheria, lenye meya, madiwani, polisi na shirika lake la umeme. Sensa ya mwaka 2000 ilikuta humo watu 91. Ya 2010 ikakuta 112, na ya 2020 ikakuta 222. Yaani kwa miaka kumi idadi imekaribia kuwa maradufu, na bado wakazi wote wanaenea kwenye mabasi manne.

Kwetu sisi neno jiji huleta picha ya Nairobi au Dar es Salaam. Sheria ya Kenya inataka watu 250,000 ndipo mji upewe hadhi hiyo. Huko California mambo ni tofauti: jiji ni hati. Ukishaipata, unatoza kodi, unapanga matumizi ya ardhi na kuajiri askari, hata kama watu wako wanajuana wote kwa majina. Je, hati ya namna hiyo iendelee kuheshimiwa wakati karibu hakuna watu nyuma yake? Mwaka 2011 Bunge la California lilikaribia kujibu hapana.

Vernon haikupungukiwa watu kwa bahati mbaya. Mwaka 1905 John Leonis, mfugaji mwenye asili ya Kibaski, pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Furlong, waliona njia za reli zinazopita kwenye mashamba yao wakaandikisha jiji kwa ajili ya viwanda tu. Viwanda vilipochelewa kuja, wakaleta starehe. Kukawa na ulingo wa ndondi na baa ya Jack Doyle, iliyojigamba kuwa ndefu kuliko zote duniani, na timu ya besiboli ya Vernon Tigers ikawa na makao hapo. Watu wa Los Angeles walivuka mpaka kwenda kunywa na kucheza kamari, kisha wakarudi kwao kulala. Machinjio, vyuma, alumini na vyakula vya makopo vilifuata baadaye. Mwaka 1930 jiji lilikuwa bado na wakazi zaidi ya elfu moja. Miongo iliyofuata nyumba zilibomolewa kupisha viwanda, mtaa baada ya mtaa, hadi zikabaki chache za kuhesabika, na karibu zote mali ya jiji lenyewe.

Kwenye umiliki huo ndipo ninapoona kiini cha kesi nzima. Jiji liliwapangisha nyumba hizo wafanyakazi wake kwa kodi ya chini sana. Mpangaji huyo ndiye aliyekuwa mpiga kura. Diwani aliyeomba kura yake alikuwa, kwa nafasi yake barazani, mwenye nyumba wake na bosi wake. Si ajabu kwamba kuanzia 1980 hadi 2006 hakukuwa na uchaguzi hata mmoja wenye ushindani. Leonis Malburg, mjukuu wa mwanzilishi, aliingia barazani miaka ya 1950, akawa meya mwaka 1974, na akakaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 2006 watu wanane walihamia kwenye jengo moja la biashara, wakajiandikisha kupiga kura, na watatu kati yao wakachukua fomu za udiwani. Jiji likakata umeme wa jengo, likatangaza kuwa halifai kukaliwa, likawatoa nje na kuwafuta kwenye daftari la wapiga kura. Wapelelezi wa kukodiwa waliwafuata huku na huku. Mahakama ikaamuru uchaguzi uendelee. Ulifanyika Aprili, lakini karani wa jiji akakataa kuhesabu kura kwa miezi kadhaa. Zilipohesabiwa hatimaye mwezi Oktoba, madiwani wa zamani walishinda kwa mbali.

Ni rahisi kusoma kisa hiki kama hadithi ya mwonevu na mwonewa. Lakini jiji nalo lilikuwa na la kusema: lilidai kwamba wageni hao walitumwa na mwanasiasa wa mji jirani wa South Gate, aliyekuwa amekwisha hukumiwa kwa rushwa. Chukulia dai hilo kuwa kweli au uongo, hesabu haibadiliki. Penye wapiga kura wasiofika mia, watu wanane wenye lengo moja ni nguvu kubwa, na ishirini wangeweza kukamata hazina ya jiji lenye mapato ya mamilioni. Udogo huu unampa aliyeko madarakani kisingizio cha kudumu cha kufunga mlango, na kwa bahati mbaya kisingizio hicho kina ukweli ndani yake.

Desemba 2009 Malburg alitiwa hatiani kwa udanganyifu wa uandikishaji: nyumba yake halisi ilikuwa kwenye mtaa wa kifahari wa Hancock Park, Los Angeles, si Vernon. Mwaka uliofuata kashfa ya mishahara ya kutisha ikalipuka Bell, mji wa jirani, na macho yakageukia Vernon. Bruce Malkenhorst, aliyekuwa mtendaji mkuu kwa miaka mingi, alikuwa akipokea pensheni iliyozidi dola 500,000 kwa mwaka, kubwa kuliko zote katika mfuko wa watumishi wa umma wa California. Mwaka 2011 alikiri kosa la kutumia vibaya fedha za umma.

Spika wa Bunge la jimbo, John Pérez, ambaye jimbo lake la uchaguzi liliingia hadi Vernon, alikuwa na mswada tayari: jiji lolote lenye wakazi chini ya 150 livunjwe. Ukapita Bungeni kwa kura nyingi.

Waliopinga hawakuwa wenye viwanda peke yao. Vyama vya wafanyakazi vilisimama bega kwa bega na wafanyabiashara, jambo ambalo si la kila siku. Vernon ina kampuni kama 1,800 zinazoajiri watu wapatao 50,000. Umeme wa jiji ulikuwa nafuu, vibali vilitoka haraka, na kikosi cha zimamoto kilijua kila kona ya kila ghala. Hofu ilikuwa kwamba chini ya kaunti ya Los Angeles faida hizo zingeyeyuka na kazi zingehamia majimbo mengine. Wakaongeza hoja ya msingi, ambayo binafsi naiona nzito kuliko ya ajira: wenye hatia walikuwa watu, na mahakama ilikuwa ikishughulika nao. Watupwe samaki waliooza, lakini tenga lina kosa gani?

Tatizo la hoja hiyo ni kwamba tenga ndilo lililoozesha samaki. Ukimwondoa meya mmoja ukaacha baraza likiendelea kuchagua nani apewe nyumba, utapata meya mwingine wa aina ileile. Kwa hiyo Pérez aliuona ugonjwa vizuri. Dawa ndiyo iliyonitia shaka, hasa namba yake ya 150, kana kwamba mkazi wa 151 ana miujiza.

Agosti 2011 mswada ulianguka katika Seneti, baraza la pili la kutunga sheria la jimbo. Seneta Kevin de León alikuwa amepatana na Vernon: jiji liweke kikomo cha mishahara na mihula, liunde tume ya makazi, lijenge nyumba mpya, na litenge dola milioni 60 kwa ajili ya jamii za jirani. John Van de Kamp, mwanasheria mkuu wa zamani wa California, alikuwa ameshaajiriwa kama mshauri huru wa maadili. Mwaka 2015 likafunguliwa jengo la Vernon Village Park, lenye nyumba 45 za kodi nafuu. Kwangu, hilo lina uzito kuliko maazimio yote ya maadili, kwa sababu mwenye nyumba humo si jiji. Kwa mara ya kwanza baada ya miongo mingi, sehemu kubwa ya wapiga kura wa Vernon inaweza kumkataa diwani bila kuogopa kukosa mahali pa kulala.

Naona Seneti haikukosea, ingawa ilipona kwa bahati, maana mapatano yaliyozaliwa na woga wa kufutwa yangeweza kusahaulika mara woga ulipokwisha.

Lipo jambo moja ambalo pande zote mbili zililipita haraka. Kiwanda cha Exide kilichoyeyusha betri kuukuu ndani ya Vernon kilitawanya sumu za madini ya risasi na aseniki hadi kwenye maelfu ya nyumba za Boyle Heights, Maywood, Huntington Park na mitaa mingine, kabla ya kufungwa mwaka 2015. Kiliendeshwa zaidi ya miaka thelathini kwa kibali cha muda cha idara ya jimbo, si cha baraza la Vernon. Kuvunja jiji kusingezuia hata gramu moja ya sumu ile. Na bado sumu iliwaangukia majirani wasiopiga kura Vernon, huku kodi ya kiwanda ikibaki upande wa pili wa mstari.

Maywood inapakana na Vernon. Ina watu wapatao 25,000 kwenye eneo la kama kilomita tatu za mraba, na mwaka 2010 ilikuwa hoi kifedha kiasi cha kuwaachisha kazi watumishi wake wote na kukodi huduma kutoka nje. Mji mmoja una watu bila mapato, mwingine una mapato bila watu, na mpaka wao ni upana wa barabara. Milioni 60 za majirani zilikuwa kukiri kwamba mpaka huo si wa haki, ila kukiri kwa njia ya hisani. Mswada wa Pérez nao ungewasilishwa leo kwa maneno yaleyale usingeigusa Vernon: jengo moja la kupangisha limeshaipitisha 150. Mfanyakazi wa Maywood anayevuka barabara hiyo alfajiri kwenda kupakia nyama au kushona magunia angebaki vilevile, bila kura juu ya kiwanda kinachomfukuzia moshi hadi nyumbani jioni.