Fimbo ya Besera

Mtu mzima mie, nna mvi kidevuni, nna wakwe, lakini nikikatiza Jang'ombe hata watoto wa chuoni wananiita Besera, jina la kile kitanda cha nguzo nne. "Shikamoo mzee Besera!" Heshima na tusi wamenipakulia sahani moja. Wageni wanadhani natokana na ukoo mkubwa wa vitanda. Kumbe chanzo ni kijiti.

Mwaka 2004 nilikuwa kijana mbichi, mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, na maradhi yangu yalikuwa mamoja tu: snuka, ule mchezo wa kupiga mipira mezani kwa fimbo. Si puli ya kutumbukiza sarafu, la. Snuka yenyewe, ya meza ya futi 12 kwa 6, mipira 22, ya dishi la jirani. Watu wamevaa vizibao na tai za kipepeo kama mabwana harusi waliokimbia nikaha. Siku moja wakarudia mkanda wa O'Sullivan, bingwa wa Kiingereza, Sheffield, mwaka 1997, anafagia meza nzima, pointi 147, kwa dakika 5 na sekunde chache. Dakika tano! Mie dakika tano sijapata hata kiatu cha pili.

Sasa njoo kwetu. Meza iliyokuwepo mtaani ni ya puli, futi 7, imewekwa chini ya kibanda cha makuti, na imeinama: mpira ukiuacha peke yake unaondoka polepole kuelekea kibla. Fimbo tatu. Ya kwanza imepinda kama mundu, ya pili haina ngozi nchani, ya tatu imekatwa nusu makusudi, kwa sababu upande mmoja ukuta uko karibu na fimbo nzima haipati pa kurudi nyuma. Kila siku nafungwa, kila siku nalipa soda za watu. Nikakaa nikafikiri, nikaona kosa haliko mkononi. Liko kwenye fimbo. Mchezaji mbovu hakosi pa kumtupia mtu.

Nikamwendea mzee mmoja mkereza vitanda, Mlandege. Mikono yake imesimamisha nusu ya ndoa za Unguja. Nikamwambia, "Mzee, nataka fimbo ya kupigia mipira. Nyembamba mbele, nene nyuma, urefu sentimita 145. Wenyewe Uingereza wanatumia mti unaitwa ash."

"Ndo mti gani huo?"

Mie na Kiingereza changu cha bandarini nikatafsiri. "Majivu, mzee."

Akaniangalia muda. "Mti wa majivu. Yaani sijaanza kuuchonga, ushaungua?"

Tukakubaliana mvinje. Akauliza kama nitataka na tendegu zake. Nikamwambia hapana mzee, kijiti kimoja tu. Akauliza mchumba anatoka wapi. Nikamwambia hakuna mchumba, ni mchezo. Akatikisa kichwa, akapokea kianzio cha shilingi elfu tano, na nadhani hapo hapo akaamua kwamba mie ni mtoto mwenye haya, nataka kuoa ila naona aibu kusema.

Nilingoja wiki sita. Fundi wa kwetu ukimuuliza lini, anakujibu "inshallah Jumamosi", hakutajii Jumamosi ya mwezi gani. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba wanaozitengeneza hizi fimbo kwa kuagizwa hawazikerezi, wanapiga randa kwa mkono, taratibu, wanapima kwa jicho. Yule mzee alikuwa na kerezo, na mtu mwenye kerezo kila mti anaona uzunguke.

Siku ya kuichukua nikaikuta imesimamishwa ukutani, imefunikwa kanga. Akaifunua kama anayefunua biarusi. Jamani. Mbele sawa, imenyooka kama alifu, sina la kusema. Lakini nyuma! Vifundo. Kifundo, kikombe, pete, kifundo tena, na mwisho kabisa tunguu kubwa kama la juu ya nguzo ya besera. Amepaka vanishi mikono minne, na masika ile, haijakauka. Ukiishika unaagana nayo kwa nguvu.

"Nimekuongezea nakshi," akasema. "Hizo sikutozi."

Utamwambia nini mzee wa watu? Nikamwambia Mungu akuweke.

Ngozi ya nchani nikaenda kwa mshona makubadhi, akanikatia kipande cha soli na kukigandisha kwa gundi. Snuka ngozi yake ni kama milimita 9 au 10 hivi upana. Yangu ilikuwa soli, na yeye ni mtu wa soli, akanitilia ya kutembelea. Chaki nikapata kwa mpwa wangu, ya ubaoni, ambayo nakwambia mapema: usijaribu. Ile inateleza, haishiki. Kwa muuza samaki nikaipima fimbo: robo tatu kilo na ushei. Za wenyewe ni kama nusu kilo. Nikajiambia uzito ni nguvu.

Kwenye daladala la Bububu kondakta akanitoza nauli ya watu wawili. Bibi mmoja akaniuliza naiuza shilingi ngapi, embe zake ziko juu.

Nikafika kibandani, watu kimya. Hata wacheza dhumna waliacha kugonga. Mpinzani wangu akaiangalia tangu nchani mpaka kwenye tunguu, akasema, "Ami, na godoro liko wapi?"

Nikamnyamazia. Nikainama, nikapima kama O'Sullivan, jicho moja nimelifumba. Nikavuta nyuma. Nimesahau ukuta. Tunguu likagonga ukuta, fimbo ikarudi mbele kabla sijaiamuru, mpira ukaenda kwa hiari yake. Nikahamia upande wa pili, wenye nafasi. Nikavuta tena, na huko nyuma muuza kahawa anapita na dele lake. Nikalisikia tu, kwaa! Nikashtuka nikasukuma, kifundo kikanasa kwenye mfuko wa shati, mfuko ukaondoka, mpira mweupe ukaruka juu ya meza, ukavuka mtaro, ukatulia chini ya baiskeli ya imamu.

Nikalipa kahawa, nikalipa soda, nikashona shati. Jina nililipata bure.

Siku hizi nna fimbo ya dukani, ya vipande viwili, na mkoba wake wa zipu. Bei sitaji, mke wangu anasoma. Masika mawili tu, unyevu umeikunja, ukiilaza mezani inabembea kama ngalawa. Ile ya mvinje ipo nyumbani, miaka zaidi ya ishirini, haijainama hata unywele. Mke wangu kaipitisha dirishani, katungikia mapazia ya Idi. Vifundo anavisifu kwa kila mgeni.

Alkhamisi hii tuna mechi na watu wa Kikwajuni. Jana nikamwendea kwa upole, nikamwambia naiomba kwa usiku mmoja tu, msumeno nshaazima, nitaondoa tunguu pekee, vifundo nitaviacha.

Hakuinua hata uso kwenye ungo wake wa mchele. "Ichukue, baba watoto. Ila pazia utalishika weye mpaka alfajiri."