Msumeno Uliolala Mwembeni

Doti ya khanga niliyomnunulia mama mkwe ilikuwa imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Ilipofika Muheza ilikuwa imebaki "Mgeni njoo mwenyeji", na lile neno la mwisho limezama ndani ya doa la oili lenye ukubwa wa sinia.

Kosa langu. Msumeno wa cheni wa betri hauna petroli wala ile kamba ya kuvuta mpaka bega litoke, kwa hiyo mtu husahau kwamba oili unayo. Tangi la wangu linachukua kama mililita 200, na kazi ya oili hiyo ni kulainisha cheni inapozunguka kwenye baa (si ile ya bia, ni lile bapa la chuma ambalo cheni hupita ukingoni mwake). Kitundu kinachoitoa oili hakina kizibo. Ukiulaza msumeno ubavu kwenye buti la gari, ukaupikisha jua la njia nzima kutoka Dar es Salaam, oili hujitambalia yenyewe. Unatakiwa kumwaga tangi kabla ya safari na kuubeba umekaa wima. Mimi nilijaza mpaka shingoni, nikaulaza juu ya zawadi.

Mama mkwe akaipokea khanga, akaikunjua, akasoma, akaikunja tena taratibu.

"Ahsante, baba. Kumbe khanga za siku hizi zinakuja na mafuta yake."

Nilichoitiwa ni hiki: upepo ulikuwa umepasua tawi la mwembe penye panda, kama mita moja na nusu kutoka chini. Lilikuwa halijaanguka. Kitako bado kimeng'ang'ania shina, kichwa kimeegemea paa la banda la jiko, na kiwiliwili kimepita mbele ya mlango kiasi kwamba sufuria ya pilau haipiti. Na hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili wanakuja wageni wa posa ya mdogo wake mke wangu.

Shemeji yangu, kijana wa watu, alikuwa ameshapatana na fundi mmoja mwenye chenso ya petroli. Nikamkatalia kwa simu tangu nikiwa Dar. "Mashine ninayo. Haina kelele, haina moshi. Mwambie asije." Maneno hayo yalinirudia siku hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Nikavaa. Kofia ngumu yenye wavu wa usoni, miwani, glovu, buti zenye chuma vidoleni, na suruali ya kinga iliyojaa nyuzi ndefu ndani. Cheni ikiigusa, nyuzi zinachomoka na kujisokota kwenye spoketi (gurudumu la meno linaloizungusha cheni) mpaka cheni isimame. Kwa mashine ya umeme suruali hiyo ichukuliwe kama akiba tu, maana mota huvuta kwa nguvu zote tangu inapoanza na haizuiliki kirahisi kama injini. Nilipotoka nje watoto wakauliza moto unawaka wapi.

Nikafunga betri, nikasukuma breki ya cheni kuhakikisha inafanya kazi, nikairudisha, nikaanza na kitawi cha unene wa mkono. Mota ikalia vizuri. Kitawi kikatulia. Nikakandamiza. Kitawi kikaanza kufuka moshi.

"Shem," shemeji akaniita kwa upole, "si ulisema haina moshi?"

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimeivua cheni kuisafisha, nikairudisha sebuleni huku nusu ya akili ikiwa kwenye mpira. Kukaza niliikaza sawasawa: ukiivuta juu katikati ya baa, vijino vya chini visitoke vyote mferejini, na ukiachia irudi yenyewe. Ila niliikaza ikiwa imegeuka. Juu ya baa, meno yanatakiwa yatazame puani, kama watu wanaokukimbia. Yangu yalikuwa yananijia. Cheni iliyogeuka haikati, inasugua kwa mgongo wa meno. Badala ya maranda unapata unga mweusi, oili inaungua, na baa inapata moto. Nikatoa betri (hatua hii usiiruke hata ukiwa na aibu kiasi gani), nikafungua kifuniko, nikageuza, nikakaza upya. Dakika tano, mbele ya umati ambao sasa ulikuwa umeshatafuta pa kukaa.

Baada ya hapo, kwa kweli, niliringa. Matawi madogo yaliyolala juu ya bati yalikuwa yanakatika kama mihogo. Cheni ikiwa kali huna haja ya kukandamiza. Uzito wa mashine unatosha, na maranda yanaruka mapana, yanaonekana. Pua ya baa nilijihadhari nayo, hasa ile robo ya juu, kwa sababu ikigusa mti ghafla msumeno wote unakurukia usoni. Shemeji akawa anaburuta matawi, mimi nakata, mama mkwe yuko barazani anapepeta mchele na kuhesabu makosa yangu kimyakimya.

Halafu maji moto.

Mtu wa Tanga haanzi kazi kwenye mwembe au mchungwa bila kuangalia juu kama kuna majani yaliyoshonwa pamoja. Hayo ndiyo makazi ya maji moto, wale sisimizi wekundu. Mimi niliangalia betri, nikaangalia breki, nikaangalia oili, juu sikuangalia. Kitawi kimoja kilidondoka kikiwa na kiota kizima, kikanigonga kiunoni, na ukoo wote ukaingia kwa kupitia mkanda.

Uzuri wa betri ni kwamba ukiachia swichi, cheni inasimama papo hapo. Nikaachia, nikaweka mashine chini. Sasa tatizo. Suruali ya kinga inafungwa kwa zipu na vifungo, na glovu huwezi kufungulia vifungo, na mama mkwe wako ameketi hatua nane kutoka hapo. Mkwe havui suruali mbele ya mama mkwe. Hata Muheza yote iungue. Nikatembea, nasema nikatembea, kuelekea bafuni kwa heshima zote, ninaumwa mahali ambapo siwezi kupataja hapa, huku nikimjibu mama kwamba hapana, hakuna tatizo, nanawa mikono tu. Nilinawa mikono robo saa.

Niliporudi nilikuwa na haraka ya kuisafisha sura yangu, na hapo ndipo msiba wenyewe ulipoanza.

Lilibaki lile tawi kuu, sentimita 28 kwa futi ya shemeji. Kila mwenye msumeno anaijua kanuni ya tawi linaloning'inia: uzito wake unazivuta nyuzi za juu na kuzibana za chini, kwa hiyo unaanza chini, robo au theluthi ya unene, kisha unamalizia juu. Nilikata chini kidogo, kama inavyoelezwa. Nikahamia juu, nikashuka kwa raha zangu. Sentimita tano. Kumi. Kumi na tano. Mkato ukafumba mdomo na baa ikiwa ndani.

Nilichosahau ni kwamba tawi hili halikuwa linaning'inia. Upande huu limeshikwa na shina, upande ule limekalia jiko. Simama katikati ya ubao uliovuka mtaro: ubao unabonyea, uso wa juu unajibana, uso wa chini unatanuka. Tawi lenye mihimili miwili huanzwa juu kidogo tu, theluthi isizidi, kisha humaliziwa kutokea chini. Mimi nilifanya kinyume, tena kwa kujiamini.

Mtu akibanwa hivyo hutakiwa kuachia swichi, kutoa betri na kufikiri. Mimi niliivuta. Nikabonyeza swichi huku navuta. Mota ikanguruma nusu sekunde, ikajizima, taa nyekundu ikamulika. Nikabonyeza tena. Mashine hizi zina ulinzi wa ndani, zikilemewa hujikata zenyewe zisiungue. Ukilazimisha mara kumi unaichosha betri na kuipasha moto bila kukata hata unyuzi mmoja. Nililazimisha labda mara kumi na mbili. Taa ya mwisho ya betri ikafifia, ikazima.

Hesabu yake iko wazi sasa. Betri yangu ni volti 36, ampea-saa 4, yaani wati-saa 144. Inatosha matawi mengi ya sentimita 10. Lakini gogo la sentimita 28 eneo lake la kukata ni karibu mara nane ya lile la sentimita 10, na mwembe mbichi umejaa maji. Nilikuwa nimeimalizia nguvu kwenye vijiti vya kupendeza macho. Matawi yale madogo panga lingeyatosha.

Nikapeleka betri kwenye chaja. Chaja ikakataa: betri ikiwa ya moto sana haiingizi chaji mpaka ipoe. Shemeji akashauri friji. Nikamzuia kabla hajafika jikoni. Baridi ya ghafla na unyevu havifai kabisa kwa betri za lithiamu. Tukaiweka kivulini kandokando ya mtungi wa maji. Ilipopoa, nusu saa hivi, umeme ukakatika.

Nikakumbuka hila moja: mashine ikibanwa unaweza kufungua nati za kifuniko, ukaivua baa na cheni zikabaki mtini, ukaondoka na mota. Inafaa sana, mradi una baa ya pili. Sikuwa nayo. Kwa hiyo nilisimama uani nimeshika mota isiyo na baa, huku mwembe una baa isiyo na mota, imechomekwa kama kitana kwenye nywele za mtu aliyeitwa ghafla. Kabari zangu mbili za plastiki, ambazo ningezipiga kwenye mkato tangu mwanzo ukae wazi, zilikuwa Dar es Salaam. Watoto wakaanza kuleta wenzao. Mzee mmoja wa jirani alisimamisha baiskeli yake, akatazama, akauliza kama ni mtego wa popo.

Mama mkwe akaweka ungo chini.

"Baba, mgomba ukizidiwa na mkungu tunafanyaje?"

Nikamwambia unaegemezwa mti.

"Basi."

Akamtuma shemeji nyuma ya nyumba, akarudi na mti wa panda wanaotegemezea migomba, mnene kama bilauri. Tukaweka panda chini ya tawi karibu na mkato, na kitako cha mti juu ya jeki ya gari langu, jeki juu ya kipande cha ubao isizame. Nikazungusha. Mti ukalia, tawi likanyanyuka labda upana wa vidole viwili, na ule mkato, taratibu, ukafumbua mdomo. Baa ikachomoka kwa mkono mmoja. Mama mkwe alikuwa ameshageuka kurudi kwenye mchele wake.

Umeme ulirudi saa kumi alasiri. Chaji ikachukua saa moja na kitu. Baa nikaikagua isiwe imepinda: ilaze juu ya kioo au sakafu nyoofu, uone mwanga unapita wapi. Ilikuwa salama. Nikasafisha mfereji wake kwa bisibisi nyembamba, maana utomvu wa mwembe ukichanganyika na unga wa mti unaziba njia ya oili. Utomvu huo nao usiuache kwenye ngozi. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na yote miwili huunguza.

Safari hii tulifunga kwanza kamba ya mkonge kwenye tawi, tukaipitisha kwenye panda ya juu ya mwembe, shemeji na vijana watatu wakashika. Kisha tukaondoa jeki na tegemeo, kwa sababu sasa kukatia kulikuwa kwa chini na mti ule ungeweza kurushwa tawi linapoachia. Nikaanza chini kwenda juu. Ukikatia upande wa juu wa baa, cheni inakusukuma nyuma badala ya kukuvuta mbele, kwa hiyo miguu mipana, mkono wa kushoto umenyooka, na usisimame nyuma ya mashine moja kwa moja. Mkato ulikuwa unajifungua wenyewe kadiri ninavyopanda. Sentimita chache tu zilibaki. Zilikwisha kabla sijapata wasiwasi. Kamba ikakaza, kitako kikashuka polepole kama mgeni anayeketishwa mkekani.

Pilau ilipikwa. Posa ikakubaliwa. Mimi Jumapili nilikaa upande mmoja, kwa sababu za maji moto.

Jumatatu asubuhi nikakuta mashine imeshafungwa tayari kwa safari. Mama mkwe alikuwa ameivingirisha kwenye ile khanga, fundo zuri kabisa, na ilikuwa nyepesi kuliko nilivyokuja nayo. Nikatikisa. Tangi tupu.

"Oili nimeimwaga kwenye chupa," akasema. "Bawaba za jiko zilikuwa zinalia miaka yote."

Nikafungua mlango wa jiko kujaribu. Haukutoa sauti yoyote.