Andikeni jina la dawa kwenye bahasha

Kwenye kibahasha cha dawa mara nyingi pameandikwa 1x3, basi. Ndani mna vidonge vyeupe, au vile tunavyoviita "rangi mbili". Ukiuliza ni dawa gani, unajibiwa: ya tumbo. Kwa maoni yangu, hakuna muuzaji anayepaswa kuruhusiwa kumpa mtu dawa isiyo na jina.

Na jina lenyewe liwe lile la kimataifa, linaloratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo orodha yake ya kwanza ilitoka mwaka 1953. La kibiashara kila kampuni hujibunia lake. La kimataifa hukuonyesha ukoo wa dawa: amoxicillin, ampicillin na cloxacillin zote zinaishia sawa kwa sababu zote ni jamii ya penicillin. Aliyewahi kudhurika na mojawapo ana haki ya kuuona mkia huo kabla hajameza.

Mfano unaonitia hofu zaidi ni wa salfa, jamii nyingine ya dawa, iliyomo kwenye Septrin. Kuna watu wakimeza Septrin wanavimba midomo, ngozi inababuka na kutoka kama waliomwagiwa maji ya moto. Wanachokumbuka ni "mimi na Septrin hatupatani". Sasa mtu huyo apewe Fansidar au Metakelfin, dawa za malaria: zote zina salfa, lakini majina yake ya dukani hayadokezi lolote. Soma sulfamethoxazole (ya Septrin), sulfadoxine (ya Fansidar), sulfalene (ya Metakelfin), na hata asiyejua Kiingereza ataona zinavyofanana mwanzoni. SP (sulfadoxine na pyrimethamine), ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Fansidar, wajawazito bado wanapewa kliniki kuzuia malaria, kwa hiyo hii si hadithi ya zamani.

Panadol nayo ni paracetamol, na dawa nyingi za mafua zimechanganywa na hiyohiyo. Kwa mtu mzima kikomo ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500; ukizidisha, ini ndilo linaloumia. (Ndugu akikuletea Tylenol kutoka Marekani utasoma acetaminophen. Ni paracetamol ileile; Wamarekani wana lao.)

Najua wauzaji watasema foleni ni ndefu. Kalamu iliyoandika 1x3 bado iko mkononi. Ongeza jina, miligramu na tarehe ya kuisha muda. Nasi wateja tuache kuagiza "ile ya njano".