Nati ya Shemeji

Gari la Shemeji lilikula chumvi mara mbili. Kwanza lilitembea Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako theluji ikianguka barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari ikang'ang'ania huko huko. Kisha likapanda meli, likashukia bandari ya Dar es Salaam, likavuka kivuko na kuja kulala Kigamboni, karibu na bahari, kwenye upepo unaotafuna hadi bawaba za milango. Kwa juu linang'aa. Ukiinama kuchungulia chini, unakuta kahawia tupu. Shemeji si mtu wa kuinama.

Basi alipotangaza kwamba Jumapili atabadilisha shokapu za nyuma mwenyewe, nyumbani kwa Mama, "kazi ya nusu saa tu shemeji," nilimuuzia shokapu, maana spea ndiyo biashara yangu na undugu hauzuii risiti. Ila nilimpa na maelekezo. Nati ya chini ya shokapu ya nyuma inaoga matope ya gurudumu kila siku. Nyuzi za boliti zinazochomoza nje ya nati hujaa kutu na mchanga, na ukianza kufungua bila kuzisafisha, nati inakwenda kukwama katikati ya uchafu ule na kuvichana vyote viwili. Kwa hiyo Ijumaa jioni ingia na brashi ya waya, piga mpaka uone chuma cheupe. Paka dawa ya kutu upande wa nati na upande wa kichwa. Gonga kichwa cha boliti kwa nyundo, taratibu, ule mtikisiko unafungua nyufa kwenye kutu na dawa inapenya. Acha ilale. Jumamosi rudia.

"Sawa shemeji," akasema, ile sawa ya mtu anayengoja umalize.

Ijumaa alikuwa mpirani. Jumamosi alikuwa anasimulia mpira. Jumapili asubuhi akawa fundi, na dawa ya kutu hakununua. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba unachanganya mafuta ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo si uongo, mafundi wanautumia na unafanya kazi: asetoni ni nyepesi mno, inaingia penye upenyo mwembamba na kuyavuta mafuta ndani, kisha yenyewe inaruka. Lakini hivi viwili havipatani, lazima utikise chupa kila unapopaka. Jambo la pili ni kubwa zaidi: mvuke wa asetoni unaweza kushika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, sembuse Kigamboni saa sita mchana. Asetoni yenyewe aliichota kwa wifi yangu, anayebandika kucha. Aliichota yote, bila kubisha hodi.

Upande wa kushoto ulitoka bila neno. Hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe, kwa sababu mtu akifungua nati moja kirahisi huamini ya pili inamwonea.

Nilipofika, Shemeji alikuwa amelala chini upande wa kulia, miguu nje, anagugumia. Mume wangu, kaka yake, alikuwa kwenye kiti cha plastiki akisimamia. Kwenye baraza, Mama na wenzake wa kikoba walikuwa wamekaa mkekani, sanduku la kufuli tatu katikati, wanahesabu hisa. Nikapiga magoti kutazama. Kulegeza ni kwenda kinyume na saa, lakini uwe unaitazama nati usoni. Shemeji alikuwa amelala nyuma yake, upande wa kichwa cha boliti, anazungusha mkono kwa kupapasa, na kinyume na saa chake yeye kilikuwa ndiyo saa ya nati. Tangu asubuhi alikuwa anaikaza.

"Ndiyo maana nasikia inaanza kukubali," alisema nilipomweleza.

Halafu soketi yake, kile kikombe cha chuma kinachoivaa nati, ilikuwa ya pembe kumi na mbili. Hiyo ni nzuri pale nafasi ni finyu na nati ni nzima. Kwa nati yenye kutu tafuta ya pembe sita, maana inashika ubavu wa nati. Ya kumi na mbili inashika karibu na ncha, na ncha ndizo zinazoliwa. Zilikuwa zimeshaliwa. Nati saizi 17 ilikuwa inaelekea kuwa duara.

Hapo ndipo Shemeji alipopaza sauti kutoka uvunguni, kikoba kizima kikisikia: "Mudi! Niletee malaya!"

Mudi ana miaka tisa na ni mtoto mtiifu. Akauliza, kwa sauti ile ile: "Mkubwa au mdogo?"

"Yeyote! Huyu niliye naye kachoka!"

Mweka hazina alipoteza hesabu. Mama akaweka kalamu chini. Ilinibidi niende mwenyewe barazani nikiwa nimeinua ile spana ya kurekebisha mdomo, niwaonyeshe kwamba ni chuma, kwamba kila gereji inalo, na kwamba jina hilo halikutungwa nyumbani humu. Mama alilitazama kwa muda. "Na kazi yake kushika chochote?" Nikasema ndiyo, Mama. "Haya. Mpelekee."

Ila kwa nati ngumu, hiyo ndiyo spana ya mwisho kuifikiria. Mdomo wake una kilegevu, ukiongeza nguvu unapanuka, na pembe zilizobaki zinakwenda. Zilikwenda.

Baraza la majirani likawa limekamilika. Mmoja akashauri soda ya kola. Asidi yake ipo, lakini ni dhaifu, inataka muda mrefu kuliko uvumilivu wa binadamu, na ukimaliza umeacha sukari na maji kwenye chuma. Mwingine akasema mafuta ya taa: hayo yanapenya, polepole. Wa tatu akaja na mafuta ya breki, nikamrudisha nayo, yanabandua rangi. Mume wangu akasema jibu ni bomba.

Bomba lenyewe lilikuwa la maji, la chuma, urefu wa mita moja, wakalivika kwenye mpini wa soketi. Hesabu yake ni fupi. Boliti ya milimita 12 yenye chapa ya 8.8 kichwani, yaani daraja lake la uimara, hukazwa kama Nm 80 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Mtu wa kilo 80 akining'inia kwenye ncha ya mpini wa mita moja anaipa karibu Nm 800, mara kumi. Kitu fulani kitaondoka, na mara nyingi si kutu. Tena gari lenyewe lilikuwa limesimama kwa jeki peke yake, nao wanataka kulitikisa na mtu yuko chini! Nikawatoa wote. Tukaweka stendi mbili chini ya bodi, tairi la akiba likalazwa uvunguni kwa tahadhari, na jeki nikaihamishia chini ya ekseli, nikainua kidogo tu. Hili wengi hawalijui: gari likinyanyuliwa kwa bodi, ekseli inaning'inia kwenye shokapu, na uzito wote unaibana boliti kiubavu. Hata ungekuwa na nguvu za trekta ungekuwa unashindana na uzito wa ekseli. Inua mpaka uone shokapu inaanza kubonyea, boliti inapumua.

Kwa nati iliyokwisha pembe, chukua soketi ya pembe sita iliyo ndogo kwa saizi moja, hapa 16, uigongelee kwa nyundo mpaka iingie kwa kulazimishwa. Nikaigongelea. Nikakaza kidogo kwanza, kwa makusudi safari hii, kwa sababu kutu mara nyingi huvunjika ukiisukuma kule isikokutegemea, kisha nikarudisha. Kimya. Nikasema basi, tusiumizane. Boliti mpya na nati yake ni rahisi kuliko sahani ya chipsi. Naenda dukani kuchukua grenda na tindo, tunaipasua nati ubavuni, inafunguka yenyewe. Na nikaongeza, Mungu ananisikia, kwamba kuna njia ya moto lakini hapa haifai, kwa sababu jicho la shokapu, lile tundu linalopitisha boliti, lina bushi ya mpira, shokapu yenyewe ina mafuta na gesi ndani na ikipashwa moto inaweza kulipuka, na bomba la mafuta na mpira wa breki viko jirani.

Kati ya maneno yote hayo, Shemeji alisikia "kuna njia ya moto."

Kwa haki yake, wazo la moto lina mantiki. Unapasha nati, si boliti, haraka na kwa pande zote, nati inatanuka kabla joto halijafika ndani, na ile kutu inayozigundisha nyuzi inapasuka. Wengine hugusisha mshumaa wakati chuma kimepata moto, nta inayeyuka na kunyonywa ndani. Yote hayo ni pale palipo na chuma kitupu. Shemeji aliazima toci ya gesi kwa jirani, akajilaza kando, akawasha penye nati aliyokuwa akiimwagia asetoni tangu saa tatu.

Nilirudi nikakuta moto wa kwanza umeshapita: asetoni ilikuwa imelipuka *fuu*, ikachukua nyusi za Shemeji na kumalizika. Uliobaki ulikuwa wa bushi. Mpira ukishika unatoa moshi, mweusi, mzito, wenye harufu ya kukaa kwenye nguo mpaka Idi. Nati nayo ilikuwa nyekundu. Shemeji alikuwa ametoka, anapepea kwa kipande cha boksi la shokapu, yaani anauchochea. Mume wangu alikuwa amesimama, jambo ambalo kwake ni hatua. Kwenye kikoba, mweka hazina aliruka ukuta na sanduku, akiwaacha wanachama.

Mimi nikakimbilia mchanga, kwa sababu penye mafuta hupigi maji, maji yanayasambaza. Lakini Mama alikuwa karibu zaidi. Alitoka jikoni na beseni la maji ya kuoshea vyombo, lenye sabuni na makoko ya wali wa jana, akainama, yeye na magoti yake mabovu, na kulimwaga lote kwa mkupuo mmoja.

*Chaaaaa.*

Moto ukafa. Mvuke ukajaa uani. Shemeji alisimama amelowa, bila nyusi, na punje za wali kwenye paji. Kisha katika kile kimya, kutoka chini ya gari, ikasikika sauti ndogo kavu: *tik.*

Nati iliyo nyekundu ikipigwa maji ghafla hujikunja, na kutu, ambayo haijui kujikunja, hupasuka. Nikagongelea tena ile soketi ya 16, nikampa Mudi racheti fupi. Alikuwa amechuchumaa upande wa nati, anaitazama usoni, kwa hiyo upande hakukosea. Ikazunguka. Ikatoka kwa mkono wa mtoto wa darasa la tatu.

"Masaa sita mazima," Mama alisema, akikung'uta beseni, "kwa kitu kinachotaka kuoshwa tu."

Mengine yalikwenda upesi. Boliti ilikuwa imeshikana na kibomba cha chuma ndani ya bushi, nikaitoa kwa pini ya chuma laini na nyundo nzito, huku nati ya zamani imerudishwa nusu ili ncha isichanuke. Nilikagua mpira wa breki na bomba la mafuta sentimita kwa sentimita. Moto haukuvifikia, na kilichoungua ni bushi ya shokapu iliyokuwa inatupwa. Boliti na nati vilivyopata moto mwekundu na maji vikaenda kwa chuma chakavu, hivyo huvirudishi hata vikionekana vizima, chuma kimebadilika tabia. Vipya vikapakwa grisi kwenye shina, vikafungwa kwa mkono, na kukazwa kwa mwisho gari likiwa limeshuka chini kwa magurudumu yake. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi inabaki imesokotwa kila gari likiwa chini, na mpira mpya unachanika mapema. Wifi alileta bili ya asetoni. Mweka hazina alirudi jioni, sanduku likiwa salama.

Shemeji sasa ni mtaalamu. Kule kijiweni anaeleza kwamba siri ni kupasha moto kisha kumwagia maji ya vyombo, ila yawe ya jana, na kwa msisitizo huwa anapandisha nyusi ambazo hazijaota. Wiki hii kijana mmoja aliingia dukani, akapita dawa zote za kutu nilizopanga rafuni, akaniuliza kwa heshima kama nina ile ya wali.