Kodi ya ardhi au asilimia? Kijiji kinapoingia mkataba na kambi ya watalii

Mazungumzo ya kukuza utalii vijijini huanzia kwenye barabara na matangazo: tujitangaze, wageni waje. Kuna swali linalotakiwa kutangulia hayo yote, nalo kwa kawaida huulizwa mkataba ukiwa umeshasainiwa: kijiji kitalipwa kwa kipimo gani? Afrika Mashariki imejaribu njia mbili kuu. Ya kwanza ni kodi ya ardhi isiyobadilika, wageni waje wasije. Ya pili ni mgawo wa asilimia ya kinachoingia. Kila njia ina watetezi wenye hoja nzito, na kila njia ina watu iliowaacha na malalamiko.

Tuanze na kodi. Kaskazini na mashariki ya hifadhi ya taifa ya Maasai Mara, katika kaunti ya Narok nchini Kenya, ranchi za kikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa na wafugaji kwa pamoja, ziligawanywa na wanachama wakapata hati za vipande vyao. Mtu mmoja akiwa na kiwanja chake hana cha kumuuzia mtalii, kwa sababu simba hatambui mipaka ya hati. Ndipo wamiliki wakaunganisha vipande vyao kuwa hifadhi za jamii: Olare Orok mwaka 2006, Mara North mwaka 2009, Naboisho mwaka 2010. Wenye kambi hulipa kiasi fulani kwa ekari, na fedha huenda kwenye akaunti ya kila mwenye hati. Mwenye ardhi naye anakubali kutojenga, kutozungusha uzio, na kuchunga kwa ratiba. Idadi ya mahema hubanwa kulingana na ukubwa wa eneo, na hapo ndipo biashara yenyewe ilipo: mgeni analipa zaidi kwa sababu hatakuta magari ishirini yamemzunguka duma mmoja.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kazi ya kutafuta wageni, pamoja na hasara ya kuwakosa, inabaki kwa anayeijua. Mfugaji hana wakala Ulaya, hahudhurii maonyesho ya utalii, wala hana namna ya kujua kwa nini msimu umekuwa mbovu. Anachojua ni kwamba mwezi ukifika fedha inaingia, na ada ya shule anaweza kuipangia.

Udhaifu wake hauonekani haraka. Kodi humfuata mwenye hati, na hati nyingi zina majina ya wanaume watu wazima. Mke, mjane asiyekamilisha mirathi na kijana aliyezaliwa baada ya ugawaji hawamo kwenye orodha ya malipo, ingawa katazo la kuchunga linawagusa wote sawasawa. Pia, neno "isiyobadilika" lina mwisho wake. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga viwanja vya ndege, baadhi ya hifadhi hizo zilishindwa kulipa kodi kamili, na wenye ardhi wakaombwa kukubali pungufu. Mkataba ulikuwa palepale. Kilichokosekana ni fedha nyuma yake.

Njia ya asilimia inavutia zaidi kwenye mkutano wa hadhara. Ukimwambia mwanakijiji kwamba kambi ikistawi naye atastawi, anakubali. Na ina mantiki: anayefaidika na wingi wa wageni ana sababu ya kulinda wanyama, kutunza njia na kuwapokea watu vizuri. Ila swali la kuuliza kabla ya kupiga makofi ni moja: asilimia ya nini?

Uganda na Rwanda zinaonyesha uzito wa swali hilo. Sheria ya Uganda huelekeza asilimia 20 ya ada za kiingilio cha hifadhi kwa jamii jirani. Ishirini inasikika kubwa. Lakini huko kwenye hifadhi ya Bwindi nchini Uganda fedha nene iko kwenye kibali cha kuwaona masokwe, ambacho kwa mgeni wa nje kilifika dola 800 mwaka 2024, na kibali si kiingilio. Kutoka humo jamii hutengewa dola 10. Rwanda ilianza mwaka 2005 na asilimia 5 tu, lakini ya mapato yote ya utalii ya hifadhi, vibali vikiwemo. Mwaka 2017 kibali kilipopandishwa kutoka dola 750 hadi 1,500, mgawo nao ukapandishwa hadi asilimia 10. Asilimia ndogo ya chungu kizima inaweza kuishinda asilimia kubwa ya ukoko.

Kwenye kambi binafsi mtego ni mbaya zaidi, kwa sababu mikataba mingi huandika "asilimia ya faida". Chukua kitanda chenye bei ya orodha ya dola 400 kwa usiku (mfano wa kuhesabia tu). Wakala wa nje hupewa punguzo, tuseme robo, zinabaki 300. Mgeni amelipia safari nzima huko huko kwao, kwa hiyo fedha inaingia kwanza kwenye akaunti ya kampuni ya mauzo iliyo nje, nayo inakata ada yake. Kambi inapokea, labda, 240. Kutoka hapo zinatoka mishahara, mafuta, chakula, matengenezo ya magari, ada ya usimamizi kwa kampuni mama, na riba ya mkopo ambao kampuni dada iliikopesha kambi. Mwisho wa mwaka faida ni sifuri na asilimia ya kijiji ni sifuri. Hakuna aliyeiba wala hesabu iliyoghushiwa, na mkaguzi atasaini bila wasiwasi.

Ndiyo maana asilimia, ikitumika, iwe ya mapato ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama, na mkataba utaje kama ghafi hiyo ni kabla au baada ya kamisheni ya wakala. Hata hivyo kijiji kitahitaji mtu wa kusoma vitabu vya kampuni, na vijiji vingi havina mtu huyo.

Kuna kipimo kilicho rahisi kukagua kuliko vyote: tozo ya kitanda kwa usiku. Hesabu yake haihitaji mhasibu. Kambi ya mahema kumi yenye vitanda viwili kila moja ina vitanda 20, sawa na nafasi 7,300 kwa mwaka. Zikijaa asilimia 40 ni 2,920. Kwa tozo ya dola 10 kijiji kinapata 29,200. Zikishuka hadi asilimia 25 ni 1,825, na kijiji kinapata 18,250. Mwenye kambi akitoa punguzo kwa wakala, ni juu yake. Tozo ya kijiji haiguswi.

Inavuja wapi? Kwenye wageni wa bure (mawakala waliokuja kukagua, waandishi, marafiki wa mwenye kambi), watoto, na madereva. Mkataba useme nani analipiwa na nani hapana, na uweke kikomo cha bure kwa mwezi. Kisha hesabu itoke sehemu mbili zisizotegemeana: rejista ya kambi, na daftari la getini linaloshikwa na kijana anayelipwa na kijiji, si na kambi. Zilinganishwe kila mwezi, wageni bado wanakumbukwa. Zikilinganishwa mwisho wa mwaka, ni ugomvi.

Njia ya tatu, kijiji kumiliki kambi chenyewe, ina mfano wa heshima: Il Ngwesi huko Laikipia nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1996 na kupata Tuzo ya Ikweta, ya Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazohifadhi mazingira, mwaka 2002. Mapato yote ni ya jamii. Mzigo wote pia ni wa jamii: kujibu barua pepe ya mteja ndani ya saa chache, kubadilisha betri za sola, kumwachisha kazi mpishi ambaye ni mpwa wa mwenyekiti. Mahali pasipo na msaada wa kuaminika wa mauzo na usimamizi kwa miaka ya mwanzo, siishauri.

Na si kila kijiji kinahitaji kambi. Kijiji cha Terrat, wilayani Simanjiro nchini Tanzania, kilianza miaka ya 2000 kulipwa ada ya mwaka na kampuni za utalii ili nyanda zake zisilimwe, kwa kuwa nyumbu wa hifadhi ya Tarangire huzalia huko. Mgeni hakai usiku Terrat, lakini bila Terrat kivutio cha jirani kinapungua. Hapo kodi tupu ndiyo sahihi, maana hakuna mapato ya kugawana.

Penye kambi, naona kipimo cha haki ni mchanganyiko: kodi ya chini inayolipwa hata kambi ikiwa tupu, na tozo ya kitanda juu yake. Kodi iwe kubwa kiasi cha kufidia malisho yaliyoachwa, kwa sababu hiyo ndiyo gharama halisi ya mfugaji. Tozo ndiyo iwe ya kushiriki neema. Wawekezaji wana hoja wanapopinga kiwango kikubwa cha chini: miaka miwili ya mwanzo kambi haijulikani, mawakala wanapanga safari za mwaka ujao, na kodi kubwa inaweza kuiua kabla haijasimama. Dawa ni kodi inayopanda kwa ngazi, mwaka wa kwanza hadi wa tatu, si kuiondoa.

Fedha ikishaingia, tatizo linahamia ndani. Katika Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori za Tanzania, ambamo vijiji hutenga ardhi kwa pamoja kwa ajili ya wanyama, kanuni zimetaka angalau asilimia 50 ya mapato ya jumuiya iende vijijini, lakini nusu hiyo ikigawanywa kwa vijiji vingi humfikia mkulima aliyeliwa mahindi na tembo ikiwa dawati moja la shule. Kaya zilizo ukingoni mwa hifadhi, zinazobeba hasara, zitengewe fungu lao kabla ya mgawo wa jumla. Kiasi kilichopokelewa kisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndio unaoidhinisha ugawaji wa ardhi. Kwa hiyo wanakijiji wana haki ya kujua ardhi hiyo imezaa nini.

Kifungu ambacho sikioni mara nyingi kwenye rasimu, na ambacho ningekipigania kuliko asilimia yoyote, kinahusu mwaka wa janga. Mwekezaji huweka kinga yake: vita, ugonjwa, mafuriko, naye anaruhusiwa kupunguza kodi. Sawa. Basi kodi ikishuka kwa nusu, na zuio la malisho lilegee kwa kiasi hicho hicho, katika sehemu zilizochorwa mapema kwenye ramani na kwa idadi ya ng'ombe iliyoandikwa, hadi malipo kamili yarejee. Bila hivyo, mwaka ambao mfugaji hana kodi ndio mwaka ambao pia hana majani.