Digrii 720 inaweza kusubiri

Siku hizi chipukizi wa taolu (fomu za wushu, yaani mfululizo wa mienendo ya kung fu inayopewa alama na majaji) akianza tu kuruka vizuri, kocha anamkimbiza kwenye xuanfengjiao (teke la kimbunga, la kuzunguka hewani) ya digrii 720, yaani mizunguko miwili. Napinga hilo waziwazi, na hesabu za majaji zenyewe zinaniunga mkono.

Alama za fomu ni 10. Ubora wa mienendo una 5, onyesho kwa jumla 3, ugumu 2 tu, na kati ya hizo 2, mienendo migumu ina 1.4 na miunganiko, yaani kuunganisha mruko na mkao wa kutulia bila kuyumba, 0.6. Teke hilo la kuzunguka hewani likiwa la digrii 540 lina 0.3, la 720 lina 0.4. Kwa teke lenyewe tunagombania 0.1! Mchezaji akianguka anakatwa 0.3, na muunganiko wake unapotea pia. Wala hawezi kughairi akiwa zuliani, kwa sababu karatasi inayoorodhesha mienendo yake migumu hukabidhiwa kabla ya shindano.

Mtazame anapotua kwenye mabu, mkao wa mpanda farasi. Kama mzunguko haujaisha, nyayo zinanata kwenye zulia huku nyonga ikiendelea kugeuka. Goti ndilo linalobeba msokoto wote, na likibonyea kwa ndani, kano ya msalaba ya mbele (ACL), iliyo ndani ya goti, inaweza kukatika. Hapo mara nyingi ni upasuaji na miezi mingi ya kukaa nje, na Mashindano ya Dunia huja kila baada ya miaka 2.

Ningedai kwanza 360 inayotua mapaja yakiwa sambamba na zulia, visigino chini, magoti yakifuata uelekeo wa vidole, nyayo zote mbili zikigota pamoja bila kusogea. Kisha 540 vivyo hivyo, tena ipimwe mwishoni mwa mazoezi, mapaja yakiwa yamechoka. Fomu ya changquan (ngumi ndefu) ya watu wazima haipungui dakika 1 na sekunde 20, na mruko wa mwisho hauji na miguu mipya. Sikiliza pia kofi la kiganja kwenye unyayo: likiwa hafifu au likichelewa, mara nyingi mguu haujapanda vya kutosha au kiwiliwili kimeinama kuufuata. Kuongeza mzunguko juu ya mruko wa namna hiyo ni kumtafutia mtoto jeraha.

Mwenye 540 safi apewe msimu mzima wa kunyoosha gongbu (mkao wa upinde), pubu (mkao wa chini, mguu mmoja umenyooshwa kando) na kazi ya silaha. Zile alama 5 za ubora ziko huko.